Mtoro wa Kikosi cha Amani

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nasema mgeni njoo, ila kwanza jieleze. Yule binti wa filamu alikuja na daftari, kamera na tabasamu kubwa, akasema anawatafuta askari waliokwenda kulinda amani nchi jirani miaka ishirini na mbili iliyopita, wakarudi wakasahauliwa.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama. Nataka tu watu wawajue."

Serikali yenyewe haikuwapa hata cheti, leo mtoto wa watu awaonee huruma bure? Nikaenda ndani kumwambia mume wangu, mmoja wa askari hao, akatae. Kumbe alishaamua kukataa, tena jasho linamtoka na feni inazunguka. Hapo shaka yangu ikamwacha mgeni, ikahamia kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Binti alirudi mara tatu. Mara ya tatu akaweka mezani nakala ya daftari la kambi, ukurasa wa majina.

"Baba, huyu mwenzenu mliyemwita Mrefu kaandikwa mtoro. Jioni kaitikia jina kambini, asubuhi hayupo. Lakini watu wa shule moja iliyochomwa karibu na kambi wanasema alifia mlangoni kwao jioni ileile, akiwatoa watoto. Aliitikiaje kambini naye yuko kule?"

Nilidhani mume wangu atamfukuza. Akakaa kitako, mikono magotini.

"Niliitikia mimi," akasema. "Ndiyo ilikuwa kawaida yetu. Mwenzako akichelewa, unajibu nyuma ya mstari, 'Nipo, afande.' Mrefu alitoka bila ruhusa kuwapelekea dawa watoto wa ile shule. Alisema atarudi kabla ya chakula."

"Na asubuhi?" nikauliza mimi.

"Asubuhi kusema ukweli ilikuwa jela. Nikanyamaza. Kesho yake ikawa ngumu zaidi."

Nilimchukia palepale, sifichi. Mjane wa Mrefu namjua. Wanawe wameitwa watoto wa mtoro tangu shule ya msingi, na sisi tupo, tunasikia. Nikamgeukia binti.

"Washa kamera yako, mwanangu. Na wewe, mume wangu, yarudie hayo, la sivyo nitayasema mimi."

Akayarudia yote.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa manispaa. Ilipoisha, wazee wa kikosi wakaombwa wasimame, wakapigiwa makofi, wengine wakalia waziwazi. Mrefu akatajwa shujaa mbele ya wote. Mume wangu hakusimama, wala sikumsukuma.

Mjane akaja polepole hadi kwenye viti vyetu. Nilitarajia kofi, na moyoni nikasema ni haki yake. Hakuinua mkono.

"Shemeji," akasema, "kila mwaka ulikuja kwangu kunijulia hali. Na kila mwaka nilikuomba radhi kwa aibu ambayo mume wangu aliwaletea."

Mume wangu alikuwa anaangalia sakafu.

"Na wewe ukanisamehe," akamalizia mjane.