Mtungi wa Hotuba

Jumamosi ya mkutano, mwezi wa nane mwaka 1954, Klara alipanga mitungi ishirini na miwili mbele ya jukwaa, kwenye uwanja wa zahanati ya misheni, akaufunika kila mmoja kwa jani la mgomba. Ishirini ilikuwa ya wagonjwa. Miwili ilikuwa ya hotuba.

Chama chao cha akina mama wa kujitolea kilikuwa na kazi moja tu: kuchota maji kisimani, kule bondeni, na kuwapelekea wagonjwa kila siku bila malipo. Mara moja kwa mwaka watu wa vijiji vitatu walikutana, wakala ugali wa mtama, wakamsikiliza mgeni wa heshima. Na mgeni wa heshima akihutubia, maji yalipungua mitungini. Hayakumwagika wala kuvuja. Yalishuka tu, kidole kwa kidole, kadiri maneno yalivyozidi. Mwanzoni walilaumu jua, halafu wakamlaumu mfinyanzi, halafu wakazoea, na kamati ikapitisha mitungi miwili ya ziada.

Kwa Bwana Eustace miwili haikutosha. Alikuwa karani mkuu wa kampuni iliyochimba dhahabu pale kabla ya kuhamia kilima cha pili, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na karatasi nyingi. Mwaka uliopita alikausha mitungi tisa. Ikabidi wasichana warudi kisimani jioni, na njia ya kisimani inapita katikati ya mashimo saba ambayo kampuni iliyaacha wazi, nyasi zimeota mpaka midomoni. Apolonia, mtoto wa kwanza wa Klara, alikwenda na mtungi kichwani. Hakurudi. Tangu siku ile watu waliacha kumwita Klara Mama Apolonia, wakamwita Mama Justa, kwa jina la binti aliyebaki. Walidhani wanamsaidia.

Sasa Justa naye alikuwa amefika umri wa kubeba mtungi. Siku hiyo aliketi kwenye mstari wa wasichana, ngata ya mtungi mapajani, akichezesha vidole vya miguu. Klara hakuwa na hamu ya ugali.

"Mwambie awe mfupi," alimnong'oneza Bernadina, mwenyekiti.

"Nani amwambie, Mama Justa? Mabenchi haya ametoa yeye."

"Mabenchi hayabebi maji."

"Hebu kaa, mayu, mama yangu. Usinitie aibu mbele ya wageni."

Bwana Eustace akaanza. Alimshukuru mwenyekiti, akawashukuru waliomshukuru yeye. Alisema kujitolea ni moyo, na moyo ndio nguzo, na bila nguzo nyumba ya maendeleo haisimami. Akina mama walipiga makofi kwenye kila kituo, maana ndivyo inavyotakiwa. Kutoka barazani mzee Jilala, aliyevunjika mguu, akapaza sauti:

"Bwana karani, hapo umekunywa mtungi wangu!"

Watu wakacheka. Bwana Eustace naye akacheka, akafunua ukurasa mwingine.

Kwenye mtungi wa kumi na tatu, jua likiwa limeshainama, Klara alisimama bila kuitwa.

"Shikamooni wakubwa. Mimi ni Mama Apolonia. Kati ya hapa na kisimani kuna mashimo saba. La tatu lina mwanangu. Yafukieni. Sisi tuna majembe, kampuni ina magari ya udongo. Ni hayo tu."

Akakaa.

Maji yakapanda. Majani ya mgomba yakainuka kwenye mitungi yote, na mtungi uliokuwa karibu na jukwaa ukafurika, ukalowesha viatu vya Bwana Eustace. Bernadina alisogeza benchi lisiloane. Nesi alichota kikombe, akaonja.

"Ya baridi," alisema. "Kama yametoka chini sana."

Bwana Eustace alifuta viatu kwa leso. Alisema mama amesema vema, na kwa ufupi wa kupendeza, na kwamba maneno mazito kama yale hayawezi kuachwa bila majibu yanayostahili. Akachukua karatasi zilizobaki. Alijibu mpaka jua likagusa kilima. Kuhusu mashimo alisema suala lake limepokelewa.

Alipomaliza, mitungi kumi na minne ilikuwa mikavu. Kamati ilikaa kidogo palepale, ikaandika kwamba mwaka ujao mgeni wa heshima atakuwa yeye tena, na mitungi ya hotuba itakuwa kumi na minne.

"Maana mwaka huu tumepungukiwa," Bernadina alieleza.

Wasichana wakasimama na ngata zao. Klara alikata fimbo ndefu, akamshika Justa mkono, akatangulia mbele ya wote akigonga nyasi. Shimo la kwanza wakalipita. La pili wakalipita. Kwenye la tatu alipunguza mwendo, kama alivyofanya kila jioni.

"Shikamoo, mama," sauti ilisema kutoka chini.

"Marahaba, mwanangu."

"Wamekuja kufukia?"

Klara aligonga nyasi mbele yake, akasikiliza ardhi, akamvuta Justa upande wa kulia.

"Bado," alijibu, akaendelea, maana giza lilikuwa linaingia na mitungi ilikuwa mingi.