Sifuri ya Mjomba

Mjomba alikuwa kiziwi, na aliyejua ni mimi peke yangu. Wengine walidhani ana majivuno, kwa sababu ukimsalimia kutoka nyuma alikupita bila hata kugeuka. Mimi nilinyamaza tu, nikaingoja siku yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwenye duka alikuwa ametuambia kwamba nusu ya chumba ataweka simu za kuuza, kwa hiyo meza ya ufundi inabaki moja, ya fundi mmoja. "Kila mtu anitengenezee redio moja mbele yangu," alisema. "Masikio yangu ndiyo yataamua." Mjomba alikuwa na miaka thelathini kwenye kazi ile. Mimi nilikuwa na sita, yote chini yake, na nilikuwa nimechoka kuitwa mpwa wa fundi.

Redio zote mbili zilikuwa na ugonjwa mmoja: zinakoroma kwenye FM. Wimbi la FM hubeba sauti kwa kuyumba, mara linaharakisha, mara linapunguza mwendo, na ndani ya redio kuna koili, waya uliozungushwa, ya kugeuza kuyumba huko kuwe maneno. Unaizungusha kidogo kidogo kwa bisibisi ya plastiki. Ikikaa katikati, msemaji anaongea. Ikipotoka, anabwabwaja kama ana pamba mdomoni. Fundi mwenye masikio husikiliza. Mjomba alitazama mita, ile ya sindano yenye sifuri katikati. Sindano ikitulia kwenye sifuri, koili imekaa. Uziwi wake ulijificha nyuma ya mita hiyo kwa miaka miwili.

Asubuhi ile nilifika mapema kumwandalia meza, kama siku zote. Usoni mwa mita kuna skrubu ndogo ya kurekebisha sindano. Niliizungusha kidogo, sindano ikahamia kushoto. Kisha nikaiunga mita kwenye redio yake na kuiwasha, ili akifika akute sindano inachezacheza na asijue ilianzia wapi.

Alifika, akanishukuru, akaanza kazi. Sindano ikaja ikatulia kwenye sifuri, naye akaongeza sauti mpaka mwisho. Msoma habari akatoka anakwaruza, neno hata moja halishikiki.

"Haya, msikilizeni huyo," Mjomba alisema, akitabasamu. "Safi kama maji ya mtungi."

Fundi saa wa mlango wa pili alikuwa amekuja kutazama. "Penye wazee haliharibiki neno," akasema. "Redio je?" Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka, maana aliona meno yao.

"Fundi, unatutania?" mwenye duka akauliza. Mjomba alikuwa ameinamia mita, hakujibu.

"Dada, usimkasirikie," nikamwambia mwenye duka, nikijitia huruma. "Hasikii. Ana miaka miwili hasikii."

Redio yangu niliimaliza kwa sikio, dakika mbili tu. Mwenye duka akanipa ufunguo, akarudi kaunta.

Mjomba akaanza kukusanya vitu vyake. Alipochomoa nyaya za mita, sindano ikarudi pake, ikasimama kushoto kwa sifuri. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Nilikufundisha nini kuhusu mita?"

"Niiangalie sindano kabla ya kuunga," nikamjibu polepole, asome midomo.

"Leo sikuiangalia," akasema. "Uliiandaa wewe."

Angeweza kumwita mwenye duka amwonyeshe. Hakumwita. Aliiweka bisibisi yake ya plastiki upande wangu wa meza, akashika njia. Niliona aibu, sikatai.

"Nisamehe, mjomba," nikasema, kwa sauti ya chini niliyojua haitamfikia.

Alikuwa amegeuka mlangoni, akaona mdomo wangu unacheza. "Umesemaje?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikapaza sauti.

"Nimesema ufunge mlango. Vumbi linaingia."

Akaufunga taratibu, usigonge.