Punje za Watazamaji wa Githongo

Riungu hakuwa na lango. Hakuwa na tikiti, wala mtu wa kuzikata kama angekuwa nazo. Hakuwa na viti vya kutosha, hakuwa na televisheni yake mwenyewe, hakuwa na cheti cha ufundi, na tangu mwezi wa tano hakuwa na meno mawili ya mbele, kwa hiyo neno "sabuni" lilimtoka na upepo mwingi kuliko sauti. Lakini kitu alichokikosa kuliko vyote, na ambacho hakujua anakikosa mpaka Madam Wawira alipokuja kutoka Embu na kumwambia, kilikuwa idadi ya watazamaji wake.

Mwaka huo ulikuwa 1996. Duka la Riungu la kutengeneza redio, pale sokoni Githongo, lilikuwa na kuta tatu. Mahali pa ukuta wa nne palikuwa na milango ya mbao ambayo kila Jumamosi mchana aliing'oa na kuiegemeza kwenye mnazi wa simu, yaani ile nguzo isiyokuwa na waya. Hapo ndani aliweka televisheni, na mbele yake mashine ya gemu ambayo binamu yake aliileta kutoka Nairobi ikiwa imekufa. Riungu aliifungua, akaunganisha nyaya mbili, ikaamka. Ilikuwa na gemu moja tu, mashindano ya magari, watu wawili kwa mara moja. Watu kumi na sita walijiandikisha, wakapokezana vidude viwili vya vitufe, na soko zima likasimama kuwatazama.

Tatizo lilikuwa televisheni. Ilikuwa ya shemeji yake, Kivuti, mwenye hoteli kule Gachoka, naye alikuwa ameshatuma habari kwamba mwisho wa mwezi angekuja kuichukua na asiambiwe hadithi. Nusu fainali na fainali zilikuwa bado. Ntinyari, fundi wa cherehani, na Kinyua, mwenye bucha, walikuwa wameshaanza kutoleana maneno kuhusu nani angemtupa nani mtoni. Bila televisheni nyingine mashindano yangefia hapo, na Riungu angerudi kuwa mtu wa kubadilisha betri.

Ndiyo maana Madam Wawira alipokelewa kwa chai na mkate wa siagi. Alikuwa afisa wa mauzo wa kiwanda kidogo cha Sabuni ya Theluji.

"Bwana Riungu," alisema, "kiwanda kinaweza kuweka televisheni mpya hapa, kubwa, iwe yako. Sisi tunataka tu jina letu lionekane. Sasa niambie, watu wangapi hutazama?"

"Wengi, madam."

"Wengi si idadi."

"Wengi sana."

Madam Wawira akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Kuna bwana mmoja kule Timau ana mashine kama hii yako. Yeye ameniandikia mia tisa."

"Mia tisa! Madam, ile nyumba yake naijua. Ukiingiza watu arobaini, wa arobaini na moja anatokea dirishani."

"Basi mimi sijaiona, nimeona barua yake. Andika yako. Lakini usiniletee idadi tupu." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mtu aliyechungulia dakika moja akienda kununua vitunguu, huyo si mtazamaji wangu. Nataka waliokaa. Nataka kujua walikuwa wangapi mwanzo, wangapi mwisho, na kwa wastani ni wangapi. Halafu nataka kujua kama waliiona sabuni, kwa sababu mimi silipii macho yanayotazama magari."

Akamwachia fomu, na kitambaa cha buluu chenye maandishi meupe, SABUNI YA THELUJI, akitundike nyuma ya televisheni. Barua ifike Embu kabla ya mwisho wa mwezi. Kati ya Githongo na Timau, televisheni ya kutolewa ilikuwa moja tu.

Jumamosi iliyofuata Riungu alisimama juu ya kreti ya soda, akanyoosha kidole na kuanza: mmoja, wawili, watatu. Alipofika kumi na nne sauti ikatoka kwenye benchi la nyuma.

"Wewe Riungu! Hicho kidole unakielekeza wapi?"

Alikuwa Mzee Kaberia, aliyekuwa amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Nahesabu tu, mzee."

"Unahesabu nani? Mimi ni mbuzi wa mnada?"

"Ni kwa ajili ya sabuni."

"Hata mbuzi wangu siwahesabu hivyo. Nikiwatazama najua nani hayupo. Ukininyooshea kidole tena, mimi ndiye nitakuwa nani hayupo."

Wazee wanne wakainuka naye. Wanawake waliokuwa na watoto mgongoni wakawafunika shuka na kurudi nyuma mpaka barabarani. Riungu alilijua jambo hilo tangu utotoni, kwamba watu hawatajwi kwa namba mmoja mmoja kama magunia, mabaya yasije yakasikia. Hamu ya televisheni ilikuwa imemsahaulisha. Alipoteremka kwenye kreti benchi la nyuma lilikuwa tupu. Kadiri alivyohesabu, ndivyo walivyopungua. Kama angeendelea mpaka jioni angepata idadi kamili, na idadi hiyo ingekuwa yeye peke yake.

Mkewe, Gatwiri, ndiye aliyemtoa shimoni. Alikuwa anapukuchua mahindi uani.

"Usiwahesabu watu," alisema. "Hesabu hizi."

"Mahindi?"

"Weka sinia la punje pale mbele. Gari zikimaliza kila mbio, kila aliyeko aokote punje moja atie kwenye mkebe. Mbio ya pili, mkebe wa pili. Aliyeondoka hatakuwa na punje. Huyo madam si anataka kujua waliokaa?"

Riungu alimtazama mke wake kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika nyumba aliyoishi miaka kumi na mitano.

Jumamosi ya pili ilikuwa na mbio nane za kirafiki, nusu fainali zikiwa bado, na mikebe minane ya rangi ikapangwa kwenye meza. Mzee Kaberia alirudi, akaokota punje yake, akaikagua pande zote mbili.

"Hii ihesabu unavyotaka," alisema. "Hii haina mama."

Siku ilikwenda vizuri ajabu. Kinyua alipindua gari mara tatu na kumlaumu aliyetengeneza barabara. Ntinyari aliendesha huku amebana sindano midomoni, wala hakusema neno mpaka alipovuka mstari, ndipo akazitoa akasema, "Bucha imefungwa leo." Watu walishika mbavu.

Jioni, mwangaza ukiwa bado upo, Riungu na Gatwiri wakamwaga mikebe mmoja mmoja juu ya gunia. Wa kwanza, thelathini na tatu. Wa pili, arobaini na moja. Wa tatu, arobaini na sita. Wa nne, tisini na nane. Wakatazamana. Wa nane ulikuwa na punje mia mbili na tatu.

"Hapa hawaingii watu mia mbili," alisema Gatwiri. "Hata ukiwapanga kama magazeti."

Kinyua, aliyekuwa amekuja kuomba mbio yake irudiwe, alichungulia lile rundo na macho yakamng'aa kwa furaha. "Mia mbili kwa mbio moja! Mara nane, hiyo ni elfu moja na mia sita. Timau wamekwisha. Andika, bwana, andika mara moja!"

Riungu hakuandika. Alichukua mkebe wa nne akaenda kwa Mama Kinya, muuza ndizi, kwa sababu alikuwa amemwona akitia mkono wote.

"Mama Kinya, leo ulitia punje ngapi?"

"Saba kila mara. Kuanzia ile mbio ya nne."

"Lakini wewe ni mtu mmoja."

"Mimi ni mmoja, ndiyo. Kwani nikipeleka kahawa kwenye kiwanda cha ushirika huandikwa ya mtu mmoja? Huandikwa ya nyumba. Mimi nabeba debe, lakini lile debe ni la mama mkwe, la mzee, la watoto. Nikaona hawa wa sabuni wasije wakasema nyumba yetu haikuleta. Nikawaambia na wengine."

"Lakini mama mkwe wako hatoki kitandani! Hajaona gemu!"

"Hajaona?" Mama Kinya akasimama, mikono kiunoni. "Nenda umuulize."

Riungu akaingia. Bibi kizee alikuwa amelala ameegemea mito miwili, na kabla hajasalimiwa vizuri akauliza, "Yule Kinyua hajajifunza tu kushika breki?" Kisha akamweleza mbio ya sita yote: daraja, kona ya mchanga, gari jekundu lilivyogeuka miguu juu. Hakukosea mahali. Riungu akapata wazo, akauliza kama mtu anayetafuta la kuzungumza: "Na nyuma ya televisheni kulikuwa na nini?"

"Si kile kitambaa? Cha buluu. Sabuni ya Theluji."

Riungu alitoka akitaka kujua kama na wengine wako hivyo. Kwa siku tatu alizunguka Githongo na punje za mahindi katika mifuko ya koti, akihamisha punje moja kutoka kulia kwenda kushoto kwa kila jibu, ili pasiwe na mtu wa kuona anahesabiwa. Kwanza aliuliza kila mmoja ametia punje ngapi za nyumbani, nao walimjibu bila wasiwasi, kwa kuwa habari ilikuwa ya punje. Alipotoa hizo, mkebe wa nane ulibaki na hamsini na nane. Hao ndio waliokaa mbele ya televisheni. Kwa mbio zote nane, wastani ulikuwa arobaini na saba.

Halafu akauliza kuhusu kitambaa, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kati ya wale hamsini na nane, waliokumbuka sabuni walikuwa ishirini na mmoja. Mzee Kaberia alisema kitambaa kilikuwa cha chama cha siasa. Kinyua, aliyekaa hatua mbili kutoka hapo saa nzima, aliuliza, "Kitambaa gani?" Lakini kati ya watu sitini aliowakuta majumbani, ambao hawakufika sokoni kabisa, arobaini na wanne walilitaja jina la sabuni bila kusita.

"Inawezekanaje?" alimuuliza Mama Kinya. "Walioona hawakuona, na wasioona wameona."

Mama Kinya alimhurumia. "Wewe ukitazama gari, unatazama gari. Lakini mimi nikifika nyumbani nitaanzia wapi? Siwezi kuanza na gari limepinduka, wataniuliza limepindukia wapi. Kwanza nawaweka mahali. Nasema hapa pana televisheni, nyuma pana kitambaa cha buluu, kimeandikwa hivi. Wakishakaa vizuri ndipo naleta gari."

Alhamisi asubuhi Riungu aliketi dukani na karatasi yenye mistari. Zilikuwa zimebaki siku tano mwezi uishe. Kinyua aliegemea meza akisubiri, aproni ikiwa bado na damu ya asubuhi.

"Usiniambie unaandika arobaini na saba."

"Ndiyo waliokaa."

"Timau ni mia tisa! Arobaini na saba mbele ya mia tisa ni kuku mbele ya lori. Andika angalau mia mbili na tatu, hizo si uongo, punje zipo! Mimi nataka fainali, Riungu. Yule mwanamke amenitukania bucha yangu mbele ya watu."

Hapo Riungu aliacha kalamu. Mia mbili na tatu ilimvuta kweli. Punje zilikuwapo, angeweza kuzituma kwenye mfuko kama ushahidi. Lakini Madam Wawira alikuwa ametaka waliokaa, na siku angekuja kutazama na kukuta nyumba isiyoweza kumeza watu mia, mia mbili na tatu ingekuwa ndugu wa mia tisa. Basi akaandika hivi:

"Madam Wawira, watazamaji waliokaa kwa wastani ni arobaini na saba. Mwanzo walikuwa thelathini na tatu, mwisho hamsini na nane. Hawa wengi wao hawakuiona sabuni yako, waliona magari. Lakini mbio ya mwisho ilipelekwa nyumbani kwa watu wengine mia moja arobaini na watano ambao hawakuja. Nimewauliza sitini kati yao, na arobaini na wanne wanaijua sabuni yako kwa jina na kwa rangi ya kitambaa. Katika fomu yako sikupata mstari wa kuwaandika hawa, kwa hiyo nimechora mmoja chini. Mimi sijui watu hawa huitwaje katika kazi yenu. Huku kwetu ni watu wa nyumba. Ukitaka kujua thamani ya tangazo lako Githongo, usiangalie macho ya wanaokaa. Angalia wanaorudi nyumbani kusimulia."

Gatwiri alisoma akiwa amesimama, mdomo ukimtembea. "Umeandika kwamba wengi hawakuiona sabuni," alisema. "Hiyo lazima?"

"Bila hiyo, hilo la pili hataliamini."

Gatwiri akafikiri, akamrudishia. "Basi funga kabla Kinyua hajapata kalamu."

Kinyua kweli alikuwa anatafuta kalamu. Riungu alikunja karatasi mara tatu, akaiingiza pamoja na fomu, akapitisha ulimi kwenye gundi ya bahasha kutoka pembe moja hadi nyingine, akaibana juu ya meza kwa ngumi. Akavuka barabara mpaka posta, akabandika stempu mbili, ingawa moja ilitosha, na kuidumbukiza kwenye sanduku. Akasikia bahasha ikigonga chini.