Moshi Juu ya Nyumba ya Élisa

Élisa Mulanga alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yake, karibu na kanisa la Wamethodisti la Kamina, moshi ulipoanza kutoka kwenye paa. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1993. Hakuwa amewasha moto. Makaa yalikuwa bado kwenye gunia. Moshi ulitoka kati ya mabati, mweupe, bila harufu, ukapanda wima. Élisa aliutazama, kisha akaendelea kutwanga, kwa sababu majani yalikuwa hayajalainika.

Mumewe, Mwalimu Esdras, alipanda ngazi akagusa mabati. Yalikuwa ya baridi.

"Hii hapana moto," alisema aliposhuka. "Hii njo jalousie."

"Najua," Élisa akajibu. Wivu ulikuwa wake.

Mji ulikuwa umepata msaada wa fedha kutoka ng'ambo ili ujiandae kwa dharura. Nchi ilikuwa na vita huku na huku, na wafadhili hawakutaka Kamina ikutwe imelala. Kwa fedha hizo mji ulinunua gari la zimamoto, machela, king'ora, na kofia ngumu inayong'aa kwa ajili ya mkuu wa kikosi. Esdras, aliyewahi kujifunza huduma ya kwanza, alitarajia kuivaa kofia hiyo. Ilipewa jirani yao, Salomon Kabamba.

Esdras alisahau upesi. Aliyeshindwa kusahau ni Élisa, maana kila asubuhi Marie-Thérèse, mke wa Salomon, aliitundika kofia mlangoni ipigwe na jua, na Élisa hakuweza kufagia uwanja bila kuiona. Nyumba ya Élisa haikuwa na mtoto. Uwanja wake ukishafagiliwa asubuhi ulibaki safi mpaka jioni, na hivyo alikuwa na muda mwingi wa kutazama.

Kikosi kilikuwa hakijapata moto wowote tangu kiundwe. Siku hiyo king'ora kililia kwa mara ya kwanza. Vijana wa Salomon waliumwagia maji moshi wa Élisa mpaka ukazimika. Kesho yake kofia ilitundikwa, moshi ukarudi, na gari likarudi pia. Mtaani hakuna aliyeshangaa. Majirani walihamisha nguo zao kwenye kamba za upande wa pili, basi.

Maji yalishuka kutoka kwenye mabati na kupotea mchangani. Élisa hakupenda kitu kipotee. Aliweka beseni, kisha masufuria, kisha pipa. Vyombo vyote vilipojaa, yeye na Esdras walibeba maji mpaka gare, kituo cha treni. Huko walikuwa wamekaa watu waliofukuzwa Likasi na Kolwezi kwa sababu asili yao ni mkoa wa Kasai. Walisubiri treni ya kuwapeleka Kasai, ambako wengi wao hawakuwahi kukuona, wakiwa na magodoro yao na vyerehani vyao kati ya reli. Bomba la gare lilikuwa limekauka.

Hapo Élisa alijuana na Tshibola, mke wa karani kutoka Likasi, aliyekuwa na mtoto mchanga aitwaye Glodie. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka. Alikunywa kwa kijiko, akalala, akaamka, akataka tena.

"Yaya, ba-pompier banakuletea maji ku nyumba?" Tshibola aliuliza kuhusu watu wa zimamoto. Alimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Banamwanga ku paa."

"Juu ya moshi?"

"Juu ya moshi."

Tshibola aliwaza kidogo. "Sisi hatuna paa," akasema.

Jioni ile Élisa alimwendea Salomon na kumwomba apeleke gari gare.

"Kule akuna moto, Mama Élisa. Kuko bantu tu. Na ile feza ya bazungu iko ya urgence, ya dharura."

"Bale si urgence?"

"Bale bameisha kufika. Urgence iko kitu yenye inakuya."

Alisema bila ubaya. Alikuwa amewauliza wakubwa wake swali hilohilo, na hilo ndilo jibu alilopewa.

Basi Élisa akaanza kuutunza moshi. Alikwenda kwa Marie-Thérèse, akakaa, akamweleza jambo lote. Marie-Thérèse alimsikiliza huku akichambua mchele.

"Sasa unataka nikuoneshe kofia kila asubui?"

"Kila asubui."

"Na bote za mupira?"

"Na bote, Mama."

Marie-Thérèse alikuwa mtu wa kutimiza neno. Kila asubuhi alikuja amevaa kofia ya mumewe na viatu vyake virefu vya mpira, akakaa kwenye kiti kizuri cha Élisa, akasimulia jinsi wakuu wa kikosi walivyopelekwa Lubumbashi kwa mafunzo, wao na wake zao. "Ku hoteli tulikula nyama asubui," alisema. "Maji ya moto inatoka mu ukuta. Weye ungali unachota ku mto, pole." Wivu ukamshika Élisa, moshi ukapanda mnene, gari likaja. Wajumbe wa wafadhili walifika siku moja na kamera. Walipiga picha paa, mpira wa maji na kofia, wakasema wameridhika. Gare haikuwa kwenye ratiba yao.

Glodie alianza kunenepa mashavu.

Kisha asubuhi moja, Marie-Thérèse alipokuwa akieleza habari za kitanda cha hoteli, kofia ilimshukia mpaka puani. Aliendelea kueleza, sauti ikitoka ndani kama ya mtu aliye kwenye chungu. Élisa alicheka mpaka akashika ukuta. Marie-Thérèse naye alicheka, wakalia machozi wote wawili. Waliponyamaza walitazama juu. Paa lilikuwa wazi, bila moshi.

"Nitukane," Élisa alisema.

Marie-Thérèse alimtukana. Alimwambia nyumba yake ni ndogo na mumewe anatembea kama bata. Haikusaidia. Walikuwa wameshakuwa marafiki, na gari lilibaki limeegeshwa, limejaa maji.

Siku iliyofuata Élisa alikwenda gare mikono mitupu. Glodie alikuwa na homa. Midomo ilikuwa imepasuka tena.

"Leo moshi akuna," Élisa alisema.

"Unishikiye mutoto, nitafute maji," Tshibola akamwambia, kisha akaenda na kikombe kuzunguka kwa watu.

Élisa aliketi kwenye godoro na mtoto kifuani. Glodie alikamata kidole gumba chake, akakinyonya, akapata usingizi bila kukiachia. Uzito wake ulikuwa kama wa kitambaa kilicholoa. Tshibola alirudi na maji kidogo sana, akanyoosha mikono.

"Lete mutoto wangu."

Élisa alimtoa. Mikono yake ilibaki imekunjwa vilevile. Alipokuwa akivuka reli kurudi, aliona moshi juu ya mtaa wa kanisa, mweusi, mnene kuliko wote uliotangulia, na akasikia king'ora.

Siku hiyo pipa lilifurika. Tshibola aliuona moshi kutoka kati ya reli, akauelewa. Tangu hapo kila siku alimpa Élisa mtoto, akamwacha amzoee, kisha akamchukua.

"Mushike kidogo, Yaya. Nitamukamata tena," alisema, kwa upole.

Homa ilipungua. Treni ilifika, na Tshibola alipanda juu ya behewa na godoro lake, na Glodie mgongoni akitazama nyuma. Élisa alirudi nyumbani akachambua sombe. Moshi haukukoma. Wafadhili waliongeza msaada, mji ukanunua gari la pili, nalo likaegeshwa moja kwa moja mbele ya nyumba ya Élisa.

Treni nyingine ilileta wengine kutoka Kolwezi, wakakaa kati ya reli zilezile. Asubuhi hiyo gari la kwanza lilipita gare likilia. Lilipunguza mwendo kwa sababu watu walikuwa wamekaa mpaka barabarani, kisha likaendelea na safari.

Élisa alikuwa ameshapanga beseni. Marie-Thérèse alishika upande mmoja wa pipa wakalisogeza chini ya bati.

"Ingali inauma, Mama Élisa?" Salomon aliuliza.

"Inauma."

Salomon akaitika kwa kichwa, akafungua maji.