Televisheni Kubwa Kuliko Zote

Mtaani walimwita Sentimita, na jina likamkaa. Alikuwa fundi seremala asiyeweza kuingia chumba cha watu bila kukipima kwa macho, na ukimpa habari kwamba umepata mtoto, swali lake la kwanza lilikuwa urefu. Sasa alikuwa na kitu kimoja tu cha kupima, nacho kilimshinda. Macho ya mke wake yalikuwa yanakwisha.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno ya kuhesabu. Miezi minane nyuma alijishona kidole pamoja na mkono wa sare ya shule, akaichomoa sindano, akafuta damu, akaimalizia sare ya watu. Kesho yake ndipo alipokubali kwenda kwa daktari wa macho. Sentimita alibaki kwenye benchi la korido, kwa sababu mkewe alisema chumba cha daktari ni kidogo na yeye ataanza kukipima. Mkewe alipotoka alisema ni presha ya macho, kuna dawa ya matone, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi.

"Na iliyobaki?" mumewe akamwuliza.

"Iliyobaki tutaitumia," akasema, akatangulia kwenda kituoni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu maradhi hakuyaficha, ila namna yanavyomla hakumwambia mtu.

Sentimita alijua namna moja tu ya kuuelewa upofu: vitu vinafifia, basi na vikuzwe. Akabadilisha balbu zote za nyumba mpaka majirani wakauliza kama kuna sherehe. Akanunua saa ya ukutani yenye ukubwa wa sinia. Namba za simu za watoto wao aliziandika mlangoni kwa brashi ya rangi, kila tarakimu kiganja kizima. Akitaka kuzungumza na mkewe alisogeza stuli mpaka magoti yao yakagusana, akamletea uso wake karibu kabisa, ili asihangaike kumtafuta. Mkewe alishukuru kwa kila kitu. Ila kila jioni, saa ya tamthilia ilipofika, alikiburuta kiti chake nyuma hadi mlango wa jikoni, na kila jioni Sentimita alikirudisha mbele ya televisheni, akidhani mke anamwachia yeye nafasi. Kuna wanaume hawaoni, na hakuna daktari aliyewaandikia.

Wiki iliyopita mkewe aliacha kabisa kukiburuta kiti. Tamthilia ilianza, yeye akakaa palepale alipowekwa, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Huangalii?" Sentimita akamwuliza.

"Nasikia. Inatosha."

Hofu ilimpanda hapo, hofu ya kweli, ile inayomfanya mtu asahau kama amekula. Mfa maji haachi kutapatapa. Siku tatu alijifungia karakana, akatengeneza kabati la televisheni la kujaza ukuta mzima wa sebule, likabaki na pengo katikati kama mlango wa gereji. Jumamosi asubuhi akamshika mkewe mkono wakaenda dukani.

Duka lilikuwa refu na jembamba. Mlangoni kulikuwa na friji, zikafuata mashine za kufulia, na ukuta wa mwisho wote ulikuwa televisheni zimewashwa, samaki wa rangi wanaogelea humo kwa pamoja. Dada muuzaji akawapokea, akaanza kueleza mambo ya intaneti na rimoti ya kusemeshwa.

"Dada yangu, hayo baadaye," Sentimita akamkatiza. "Nionyeshe kubwa kuliko zote."

Kubwa kuliko zote ilikuwa katikati ya ukuta, inchi themanini na tano. Sentimita akavuta tepu yake ya kupimia na kuilaza kwenye kioo kabla hajakatazwa. Akamsimamisha mkewe mbele ya kioo, hatua mbili tu. Samaki wakaondoka, akaja mwimbaji wa gauni jekundu na wacheza dansi wake.

"Unamwona?"

"Namwona."

"Gauni rangi gani?"

"Jekundu."

Moyo wa Sentimita ukaruka kwa furaha. "Na nyuma yake wapo wangapi?"

Kichwa cha mkewe kikaanza kutembea, juu, chini, kulia, kushoto, kama mtu aliyedondosha sindano kwenye zulia. "Wawili," akasema mwishoni.

Walikuwa wanane, wamejipanga kioo kizima. Sentimita akawahesabu tena wale wanane. Kama hata hii haioni, basi ataona nini tena? Akamvuta muuzaji pembeni.

"Kubwa kuliko hii hamna? Stoo je?"

"Kubwa kuliko hii ni za kumbi za mikutano, mzee. Nyumbani haipiti mlangoni."

"Mlango nitaubomoa. Mimi ni fundi."

Dada yule hakucheka.

Nyuma yao mkewe alikuwa amegeuka, ameutazama urefu wa duka. Kule kaunta, karibu na friji, kulikuwa na televisheni ndogo ya kumliwaza mtunza fedha, haizidi sinia la chai.

"Nataka ile," akasema.

"Ipi?"

"Ile ya kaunta."

Hapo ndipo Sentimita alipolipuka. Miaka thelathini na moja alimvumilia mwanamke huyu kujinyima. Kuku akichinjwa, yeye anachukua shingo. Kitambaa kizuri kikiletwa, atashonea watu, yeye atavaa mabaki. "Hata leo?" akasema, na sauti ikapanda kuliko alivyotaka. "Hata leo unanionea huruma mimi? Nataka uone, mama. Kabla macho hayajafika mwisho, nataka uone kitu kikubwa mpaka ushibe. Wewe unaniambia kijitelevisheni cha kaunta."

"Kuna msomaji habari," mkewe akasema polepole. "Ana miwani. Sikio moja lina hereni, hili jingine limefunikwa na nywele. Nyuma yake kuna ramani."

Sentimita akageuka. Kutoka pale aliposimama hata yeye hakuona hereni. Akaenda mpaka kaunta, akainama. Miwani. Hereni moja. Ramani. Akarudi taratibu, kama mtu anayerudi kutoka kuzika.

"Unaionaje hiyo, na hii usiione?"

Mkewe akakunja kidole cha shahada juu ya kidole gumba, akaacha tundu dogo, akaliweka kwenye jicho lake la kulia. "Naona kama kwa tundu la kifungo. Ndani ya tundu naona vizuri. Nje yake hakuna kitu. Sasa ukinisimamisha mbele ya kitu kikubwa, tundu linachukua kipande tu. Nilipata kiuno cha gauni, na vijana wawili. Kile cha kaunta kinaingia chote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshanunua saa. Halafu ukaandika mlango. Ulikuwa unafanya kazi kwa bidii sana, baba. Nikaona nikisema, nitakunyang'anya kazi."

"Na tundu lenyewe?"

"Mwaka jana lilikuwa bakuli. Daktari anasema dawa inachelewesha tu."

Muuzaji alikuwa amejitenga, anapanga rimoti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Sentimita alisimama amekunja tepu mkononi, na hesabu ikamjia bila kuitwa, maana ndiyo akili aliyopewa: stuli, magoti kwa magoti, uso kwa uso. Miezi minane.

"Nikikukalia karibu," akasema, "unaona nini?"

"Pua. Ukicheka naona meno."

"Kwa hiyo hujaniona."

Mkewe alimwekea mkono kifuani, akamsukuma kidogo. "Rudi nyuma."

Sentimita akarudi hatua moja.

"Bado."

Akazipita mashine za kufulia, anatembea kinyumenyume, mkono unapapasa njia.

"Bado. Endelea."

Akafika kwenye friji. Akafika kaunta, msomaji habari ubavuni kwake. Mgongo wake ulipogusa kioo cha mlango wa duka, mkewe akainua mkono.

"Hapo. Sasa nakuona, kichwa mpaka viatu." Alimtazama kwa muda mrefu, na duka zima lilikuwa kati yao. "Umekonda, baba."

Sentimita akatamani kukimbia amshike. Lakini kila hatua ya kumwendea ingemkata kipande, kwanza viatu, halafu mabega, mpaka abaki pua. Akajikaza, akanyoosha shati lake kwa mikono miwili, akasimama palepale atazamwe.