Glavu Alizoacha Borghild

Borghild alipoondoka kwangu alibeba sanduku moja, cherehani na saa ya ukutani ya marehemu mama yake. Glavu aliziacha. Zilikuwa jozi moja, mpya kabisa, kwenye droo ya chini, na kwa miaka miwili hizo glavu ndizo zilizonipa nguvu ya kuamka asubuhi. Cheka ukitaka, mimi nasema kweli.

Huku kwetu Lofoten, visiwa vya kaskazini mwa Norway, mwanamke akimchoka mumewe, kitu cha kwanza kuacha si kumpikia wala kumfulia. Anaacha kumfumia glavu. Mwanamume akionekana baharini mwezi wa Januari na glavu za dukani, kijiji kizima kinajua nyumbani kwake kuna nini. Sasa wangu ameondoka, sawa, amekwenda Ålesund, mji wa mbali kusini, kwa dada yake, tena bila hata kuniaga vizuri, lakini kaacha glavu. Na kwenye uzi kachanganya nywele zake mwenyewe, kama wafanyavyo wanawake wa huku ili sufu isichanike upesi. Nilizipeleka dirishani nikaziona, nyeusi na za mvi. Mtu aje aniambie nimechokwa? Nilijiambia huyu atarudi, na mpaka arudi sizigusi. Glavu za kuvulia hazimalizi misimu miwili. Hizo zikiisha, mimi ningebaki na nini?

Basi nikawa mtu wa glavu za dukani. Petra, mwenye duka, alikuwa akinipangia zote juu ya meza, na mimi nachagua kwa uchungu kana kwamba nachagua jeneza. Nilijaribu za ngozi. Zinaloa, halafu zinakauka na kuwa gome. Nikajaribu za mpira zenye manyoya ndani. Unatoka jasho ukivuta mshipi, unapumzika kidogo, jasho linapoa, vidole vinaanza kufa. Hakuna kitu kama sufu iliyokazwa kwa maji ya bahari. Hiyo hata ikiloa chapachapa, unaikamua, unavaa, mkono unapata joto. Petra alikuwa anajua hayo kuliko mimi, ila aliniuzia kimyakimya, na ukimya wake ulinikera kuliko maneno.

Mwezi wa pili mwaka huu, baridi ilikuja na meno. Ndoano iliniingia kwenye kidole cha mkono wa kushoto, nami sikusikia chochote. Niliona damu kwanza. Kaka yangu Hallvard, tunayemiliki boti pamoja, aliukamata ule mkono, akanivua glavu ya mpira, akaviona vidole viwili vyeupe pe. Akageuza boti. Tulipofika gatini ndipo aliponigeukia.

"Kesho uje na glavu za mkeo, au usije kabisa," alisema. "Mimi sivui na maiti."

"Zile nimeziweka."

"Unamwekea nani, Anfinn?"

Nilikwenda nyumbani nikaifungua droo.

Glavu zetu zikiwa mpya ni kituko. Ni mifuko mikubwa, mfumo wake umelegea, kila moja ina vidole gumba viwili, upande huu na upande ule, ili kiganja kikichakaa unageuza unaendelea na kazi. Unazikanyaga na mabuti kwenye maji ya chumvi chini ya boti, unazikamua, unavaa, unavuta, unavua, unazikanyaga tena. Zinasinyaa kidogo kidogo. Mfumaji hodari anapiga hesabu ya vitanzi vyake vya uzi tangu mwanzo, hivyo kwamba siku glavu inaposinyaa ikafika kipimo cha mkono wa mwenyewe, siku hiyo hiyo matundu ya mfumo yanaziba na upepo haupiti tena. Borghild alinifumia kwa miaka thelathini na moja, na hakukosea hata mara moja.

Siku ya tatu zilinifika. Zilinikaa barabara, nikafurahi kama mtoto, nikataka kumwonyesha Hallvard. Halafu upepo ukavuma nikausikia kwenye ngozi. Nikaangalia vizuri. Matundu yalikuwa wazi, kidole cha mtoto kingepenya. Hizo glavu bado zilikuwa na safari, na mwisho wa safari hiyo ulikuwa kwenye mkono mdogo kuliko wangu. Nikamtupia Hallvard moja. Aliinua juu kwenye mwanga, akaitazama, akanirudishia bila kunitania. Kaka yangu hajawahi kupitisha nafasi ya kunitania tangu tuzaliwe, kwa hiyo nikajua na yeye ameelewa. Hazikufumwa kwa ajili yangu.

Sitaki kuficha, nilichanganyikiwa. Jumapili nzima nilikaa nikihesabu wanaume wenye mikono midogo. Yupo yule mpiga kinanda wa kanisani. Yupo mpokea samaki wa gatini, ana vidole laini kama vya mwali, na Borghild alikuwa akimcheka sana, au akicheka naye, sijui. Roho ilinichafuka. Jumatatu bahari ikachafuka pia, tukabaki nchi kavu, nami nikaenda kwa Petra kuomba simu. Petra alinipa mgongo kwa heshima, ila kisu chake cha jibini kikasimama.

"Zile glavu ulimfumia nani?" nilimuuliza Borghild, hata salamu sikutoa.

"Umezivaa?"

"Nimezivaa. Si zangu. Nitajie mtu tu, sitauliza tena."

"Ni zangu, Anfinn."

Nikasema, na nywele je. Akasema sasa ulitaka nitie nywele za nani.

Hapo nikakumbuka, na ningependa kusema sikuwa nimesahau. Mwaka ule goti la Hallvard lilipoharibika, Borghild aliniomba aje botini ashike mshipi mmoja. Nilicheka. Mwaka uliofuata akaomba tena, na uliofuata tena. Nikamwambia siwezi kukaa mchana kutwa na mtu ambaye jioni nitakula naye. Maneno hayo niliyaona matamu sana, nikayarudia gatini, watu wakavunjika mbavu. Yeye pia alicheka. Mimi nilidhani alikuwa anacheka.

"Nilizifuma ili nikuombe mara ya nne nikiwa nazo mkononi," alisema. "Nilipomaliza, sikuweza kuchekwa tena."

Nilisahau Petra, nilisahau na watu wawili waliokuwa wanachagua misumari. Nilimwambia rudi. Nilimwambia msimu bado una wiki sita, Hallvard atasogea, nafasi ipo, nakuomba, Borghild, nimekukosa mpaka nyumba inanitisha. Sijawahi kusema maneno kama hayo mbele ya watu, na hata tukiwa wawili sikuyasema.

Kisha akasema huko Ålesund siku hizi anavua. Dada yake ana boti ndogo, wanatoka kila bahari inaporuhusu.

"Mikononi unavaa nini?"

"Za mpira."

"Zitakuua vidole."

"Najua," alisema. "Nitumie hizo zangu."

Hakusema atarudi. Wala hakusema harudi, na nilijua nisimvute zaidi.

Ningeweza kuzituma vile vile zilivyo, azimalizie mwenyewe. Ila kukaza glavu kwa mikono iliyokwisha kuganda ni adhabu. Mke wa Hallvard alinipa jozi kuukuu ya mumewe, nikavulia hiyo, na zile za Borghild nikaziweka chini ya mabuti yangu. Nilizikanyaga siku nne. Hallvard aliniuliza nitajuaje pa kuachia, maana mwenye mkono hayupo. Nikamwambia najua. Tulipochumbiana aliwahi kuweka kiganja chake juu ya changu ili apate kipimo cha glavu zangu za kwanza, na vidole vyake viliishia kwenye kiungo cha juu cha vidole vyangu. Haya, kila tulipogeuza kurudi nilivua glavu yangu, nikailaza yake juu ya kiganja changu, nikatazama. Jumatatu iliyofuata ilikuwa bado inazidi. Jumanne ikazidi kidogo. Alhamisi matundu yote yalikuwa yameziba, sufu imekuwa nzito na laini, na ncha yake ikafika kwenye kiungo cha juu, pale pale, haikupita wala haikupungua.

Nilifumba vidole vyangu juu yake. Hallvard aligeuza uso akatazama bahari, akaiongoza boti taratibu kuliko kawaida yake. Nilikaa hivyo mpaka tukafika gatini, mkono wazi kwenye ile baridi, na kesho yake nikazituma.