Dakika Thelathini na Tisa za Bi Verlene

Jumanne saa tatu asubuhi, Dale Krebs, afisa wa mbwa wa mji wa Orrin, Missouri, alipiga goti kwenye kibaraza cha Verlene Tubbs akamzungushia mbwa wake futikamba kichwani. Mbwa aliitwa Deacon, yaani shemasi, kwa sababu Jumapili ya kwanza aliyokaa pale alilala ibada nzima ya redioni akaamka wakati wa sadaka. Alitulia tuli. Labda alidhani anashonewa kofia.

"Inchi ishirini na mbili," Dale alisema, akatia alama kwenye fomu.

"Nipime na mimi," Verlene akasema. "Changu ni kikubwa kuliko hicho."

"Bi Verlene, usinifanyie hivyo."

"Miaka sita nimekulisha pale jikoni shuleni, Dale. Maharage yako nilikuwa naongeza kijiko. Leo unakuja kunipimia mbwa kama fundi wa majeneza."

Dale aliinamisha kichwa, akaendelea na kifua. Fomu ilikuwa na vipengele kumi: kichwa, taya, shingo, kifua, mkia na kadhalika. Alama saba zilitosha kumfanya mbwa awe pitbul, aina inayoogopwa kwa ukali, na pitbul amepigwa marufuku Orrin tangu mwaka 1987. Deacon alipata tisa. Fomu haikuuliza kama amewahi kumng'ata mtu. Hakuwahi.

Dale alimfunga kamba, akampakia kwenye gari la manispaa, wakaondoka kuelekea magharibi. Walipovuka reli, kichwa cha Deacon kilipungua inchi nne, masikio yakalegea, pua ikarefuka, na manyoya ya mkia yakajaa. Kituo cha wanyama kiko upande huo wa magharibi. Ingrid Sorley, mkurugenzi wake, alimtazama akaandika kwenye kitabu: labrado chotara, yaani mbwa mpole wa familia. Ndivyo alivyoandika miaka minne nyuma, siku aliyompa Verlene mbwa huyo huyo, na karatasi za chanjo.

Hakuna aliyeshangaa. Mbwa wa Orrin wako hivyo. Magharibi ya reli mbwa ni chochote anachotaka kuwa. Akivuka kwenda mashariki, anakuwa pitbul. Hata kijibwa cha mke wa mchungaji wa Kilutheri, chenye ukubwa wa kiatu, kiliwahi kuvuka kwa bahati mbaya kikifuata harufu ya kambale wa kukaanga, na kikarudishwa kimebebwa na wanaume wawili.

Sisi weusi wa mashariki tulikuwa na sababu nyingine ya kutoshangaa, nayo ni kumbukumbu. Bwawa la kuogelea la mji lilikuwa na maji mpaka mwaka 1964, tulipoambiwa kwamba na sisi tuna haki ya kuogelea humo. Lilijazwa saruji ndani ya wiki moja. Nyumba ya mbao yenye vyumba viwili magharibi ilikuwa nyumba. Ile ile, mbao zile zile, mashariki benki iliiita hatari, ikainyima mkopo. Mtoto aliyevunja kioo magharibi alikuwa mtundu, na mashariki alikuwa na faili polisi. Mbwa ndio waliochelewa kujifunza.

Basi kituo kikawa na labrado mwenye karatasi ya kuuawa ya pitbul. Karatasi ilisema siku kumi na nne, kisha sindano. Ingrid aliuliza manispaa kama labrado anaweza kudungwa kwa kosa la pitbul. Manispaa ilijibu kwamba karatasi inafuata anwani ya mwenye mbwa.

Verlene hakulia. Alikwenda maktaba. Ana miaka sabini na moja, na vitu vingi anavyovijua alijifunza mwenyewe kwenye meza ile iliyo karibu na choo, ambako hakuna mtu anayekuja kukuuliza unasoma nini. Alisoma sheria ya mbwa, akasoma na ya mashirika ya hisani, kwa sababu alijua Ingrid atasema nini.

Siku ya nane bodi ya kituo ilikutana, naye akaenda. Wakili wao, Prentiss Vogel, ni mtaalamu wa wosia. Anaiogopa ofisi ya kodi kama wengine wanavyoogopa radi, na hofu yake ilikuwa imewaambukiza wote. Mtu akitaja neno "kura" pale kituoni, wafanyakazi walikuwa wanatoka nje kuangalia magari yao.

"Sisi ni shirika la hisani," Prentiss alimweleza. "Tukiwaomba madiwani wafute sheria, huo ni ushawishi. Tukifanya ushawishi, tunanyang'anywa msamaha wa kodi. Tukinyang'anywa, tunafunga. Mbwa mia moja na arobaini, Bi Tubbs. Utawaweka wapi?"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Verlene akafungua begi lake akatoa nakala. "Hapa ofisi ya kodi yenyewe imeandika mnaruhusiwa. Isiwe tu sehemu kubwa ya kazi yenu. Na kuna fomu ya ukurasa mmoja, ukijaza wanakuambia kabisa mwisho wako wa kushawishi ni hapa. Ukurasa mmoja, baba! Kuomba kadi ya maktaba ni kurasa mbili."

"Fomu hiyo naijua. Ipo kwenye droo yangu tangu mwaka 1994."

"Inafanya nini humo?"

"Ipo salama," Prentiss alisema.

Ingrid alikuwa anaangalia viatu vyake. Ni mtu mwema, na hilo lisemwe. Huwa anawaimbia mbwa vipofu. Alipendekeza njia ya kati: shirika lina ruhusa ya kuelimisha, basi waende kwenye kikao cha baraza la mji waelimishe. Waonyeshe ukweli wenyewe, kwa picha na takwimu, na mbwa akiwepo. Ukweli ukishaonekana, nani atahitaji kuombwa? Bodi ikapiga makofi, kwa sauti ya chini.

Tatizo lilikuwa muda. Kwenye baraza la Orrin kila mkazi anapewa dakika tatu za kusema, na anaruhusiwa kumwachia mwingine dakika zake kwa kujaza kadi ya njano. Ingrid alihitaji muda mrefu zaidi, naye anaishi nje ya mji, hakuwa na hata dakika moja. Kwa hiyo Verlene alipita nyumba kwa nyumba na kadi za njano, akawapata majirani kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa Cleotis Yarborough, kinyozi, ambaye mbwa wake alikuwa amefichwa chumbani akiangalia televisheni.

"Zangu nilishazipangia kazi," Cleotis alisema. "Nilikuwa namtukana meya."

"Utamtukana mwezi ujao."

"Na wewe zako umewaachia?"

"Nimewaachia. Wao wana picha za ukutani, Cleotis. Mimi nina mdomo tu."

"Mdomo wako huo mimi naujua," Cleotis akasema, akitia sahihi. "Ningekuwa wewe ningewaachia picha, mdomo nikabaki nao."

Pamoja na zake mwenyewe, dakika zikawa thelathini na tisa. Ni vizuri kutaja hapa kwamba Chama cha Wenye Nyumba za Kupangisha hakikuhitaji kadi. Chama hicho si cha hisani, hivyo hakuna anayekipimia maneno. Mtu wao, Boyd Garrity, hula kifungua kinywa na madiwani watatu kila Alhamisi, vimikate laini vilivyomwagiwa mchuzi wa soseji, na jambo hilo linaitwa kifungua kinywa. Kanuni ya Orrin inasema mpangaji akikutwa na mbwa aliyepigwa marufuku, anatolewa bila notisi. Garrity aliipenda sana kanuni hiyo. Alikuwa anafuga paka.

Kikao kilikuwa Jumatatu moja ya Juni, saa moja jioni, jua bado kali. Sindano ilipangwa kesho yake asubuhi. Verlene alivaa kofia ya Pasaka akakaa safu ya pili, nyuma ya kisogo cha Prentiss.

Ingrid alifanya kazi nzuri. Kwa dakika ishirini alionyesha picha na takwimu: miji iliyopiga marufuku mbwa kwa sura zao, na idadi ya watu waliong'atwa, ambayo haikushuka. Kisha akawaalika madiwani nje. Reli iko hatua mia mbili kutoka jengo la manispaa, lililo magharibi. Madiwani watano wakatembea wakiwa na vikombe vyao vya chai ya barafu, Dale akatangulia na futikamba.

Deacon alisimama magharibi, labrado. Dale akapima, alama tatu. Ingrid akamvusha. Kichwa kikapanuka, kifua kikafunguka kama mlango wa gereji. Alama tisa. Akamrudisha, tatu. Diwani Hobart Stamm aliomba arudie, kwa kuwa mara ya kwanza simu yake haikurekodi. Deacon akavuka tena, akitikisa mkia mwembamba upande mmoja na mnene upande mwingine. Alipomwona Verlene alitaka kukimbilia kwake, lakini kamba ilikuwa fupi.

Walirudi ndani na Deacon. Zilibaki dakika nne.

"Mama Sorley," diwani Stamm akasema, "mimi nimeelewa. Kusema kweli nilikuwa naelewa tangu zamani. Sasa niambie, mnataka tufanye nini?"

Lile lilikuwa swali lenyewe, limeletwa mezani kwenye sahani. Nyuma ya Prentiss, Verlene aliona shingo ya wakili ikigeuka polepole kulia, kisha kushoto.

Ingrid alimtazama Prentiss. Akamtazama Deacon. Akanywa maji.

"Shirika letu halina ombi lolote," alisema. "Tumekuja kuelimisha tu."

"Hamna ombi?"

"Hatuna."

"Mimi ninalo!" Verlene alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, mimi ninalo, na ni fupi."

"Bi Tubbs," meya alisema kwa upole, akishika kadi ya njano, "muda wako umeshatumika."

"Si zimebaki dakika nne?"

"Zimebaki kwa Mama Sorley."

"Ingrid!" Cleotis aliita kutoka nyuma. "Mwachie mwenyewe dakika zake, basi!"

Meya alieleza kwamba dakika zilizoachwa haziwezi kuachwa mara ya pili. Ingrid akakaa nazo. Dakika nne zilipita, kila mtu akizisikiliza. Deacon alijiramba.

Kisha akasimama Boyd Garrity, ambaye alikuwa na dakika tatu akatumia sekunde arobaini. Alilishukuru shirika kwa elimu nzuri. Alisema yeye, tofauti na wenzake, analo ombi: sheria irekebishwe iendane na ukweli tuliouona sote kwa macho. Mbwa ahesabiwe kuwa wa aina anayoonekana mahali aliposimama, na isiruhusiwe kumvusha mbwa yeyote kwenda mashariki. Kwa kuwa hapakuwa na ombi lingine mezani, baraza lilipigia kura hilo. Watano kwa sifuri. Diwani Stamm alisema ni furaha kuona sayansi ikisikilizwa.

Deacon hakudungwa. Alikuwa amesimama magharibi. Wiki iliyofuata alichukuliwa na familia ya daktari wa meno, wakampa jina la Sunny. Hadi mwisho wa Agosti Dale alikuwa amechukua mbwa kumi na saba mashariki, na wapangaji tisa walikuwa wametolewa nyumba zao, Cleotis akiwa mmojawapo. Kwenye ripoti ya mwaka ya kituo iliandikwa: jioni moja ya elimu, wahudhuriaji sitini na wanne. Fomu bado ipo kwenye droo, salama.

Kila siku saa kumi na moja jioni Verlene hubeba kiti cha kukunja hadi relini, akakiweka upande wake. Mke wa daktari wa meno humleta mbwa matembezi kwa upande wa pili, akasimama akijifanya anasoma simu. Deacon hulala kwenye mawe, akasogeza kichwa juu ya chuma cha reli. Pua inapanuka kwanza, kisha taya, kisha paji zima la uso, mpaka masikioni. Kuanzia shingo kurudi nyuma ni labrado. Verlene hukuna sehemu iliyo yake.

Mara nyingine Dale hupita, akatoa futikamba.

"Ameingia inchi tisa, Bi Verlene."

"Andika."

Dale huandika. Notisi zimeshakuwa kumi na moja, Verlene anazipangilia mezani chini ya sahani ya mkate wa mahindi.

Kadi ya njano hamjazii mtu tena. Kila mwezi anakwenda barazani na dakika zake tatu, anasema neno lake, meya anamshukuru, na diwani hata mmoja haliweki mezani. Hata hivyo huwa analifanyia mazoezi pale relini, akimwambia Deacon kichwani, kwenye ile nusu inayosikia.

"Futeni sheria hii."

Amelipima kwa saa ya jikoni. Ni sekunde mbili. Kwenye dakika thelathini na tisa lingesemwa mara elfu moja, mia moja na sabini.